Kabla Hujanunua Busta ya Miparachichi

Vuli inapoelekea ukingoni, mkulima wa Marangu, Kilimanjaro, mwenye miparachichi ishirini kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ana wiki chache tu za kuamua. Jua la Januari na Februari likishika, vitunda vidogo hupukutika, majani hukunjamana, na migomba ya pembezoni huanza kulegea. Duka la pembejeo lina jibu la haraka: busta. Na pesa ya busta ni hiyohiyo inayosubiriwa na sare, madaftari na michango ya shule.

Mwenye haraka nampa jibu mapema. Funika udongo kwa matandazo kwanza, tunza maji pili, busta iwe ya mwisho kununuliwa. Ukishaamua kuinunua, imwagie kwenye udongo wa miti michanga, usihangaike kuipuliza kwenye miti mirefu. Na gharama ihesabu kwa mti, usiihesabu kwa chupa.

Tuanze na kinachouzwa. Neno busta limekuwa kapu la kila kitu. Ndani yake mna mbolea za majani, mna homoni za kukuza, na mna vichangamshi vya mimea hasa, yaani vitu vinavyousaidia mmea kutumia vizuri chakula ulichonacho na kuvumilia ukame, joto au chumvi. Umoja wa Ulaya umeviweka vichangamshi ndani ya sheria yake ya mbolea, Kanuni namba 1009 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Julai 2022. Maana yake kwa ufupi: kichangamshi hakilishi mmea kwa virutubisho vyake, wala hakiui mdudu au ugonjwa. Kazi yake ni kuuamsha mmea wenyewe.

Maana hiyo ina faida ya moja kwa moja mfukoni mwako. Ukiona lebo imeandika naitrojeni kwa asilimia kubwa, umeshika mbolea iliyoyeyushwa na kupewa bei ya chupa. Majani yakigeuka kijani kibichi baada ya wiki moja, yaelekea ni naitrojeni hiyo iliyofanya kazi, na mfuko wa urea ungekupa naitrojeni nyingi zaidi kwa pesa ileile. Na muuzaji akikuambia chupa yake inaongeza uvumilivu wa ukame na pia inatibu mnyauko wa migomba, rudisha chupa kwenye rafu. Mnyauko hauponi kwa busta.

Kuna jambo la kuangalia hata kabla ya kwenda dukani. Chimba kidogo chini ya mti unaolegea. Udongo ukiwa mkavu, mti una kiu. Udongo ukiwa na unyevu na mti bado umelegea, majani yamefifia na matawi ya juu yanakauka, shaka iende kwenye mizizi: kuoza kwa mizizi ni ugonjwa mkubwa wa miparachichi duniani kote, hasa pale maji yanapotuama. Mti wa namna hiyo unamhitaji afisa ugani. Busta yoyote utakayoumwagia ni hasara.

Sasa chupa zenyewe. Inayopatikana kwa urahisi zaidi ni dondoo la mwani. Sehemu kubwa ya madondoo yanayouzwa duniani hutokana na mwani wa kahawia unaoota kwenye bahari baridi za Atlantiki ya Kaskazini, pande za Norwe, Ireland na Kanada. Hii ndiyo busta ninayoiamini zaidi kwa ukame na joto, kwa sharti moja: inyweshwe mti kabla ya shida. Inauandaa mti, haiuokoi. Kuinunua mwezi Februari mti ukiwa tayari umekunja majani ni kulipia chupa iliyochelewa.

Watu huuliza: mwani si unalimwa Zanzibar, Paje na Jambiani, tangu miaka ya mwisho ya 1980? Ni kweli, na swali ni zuri. India hukamua maji ya mwani wa aina ya kottonii, unaofahamika pia Zanzibar, na kuyauza kama busta. Lakini maji hayo hukamuliwa kutoka kwenye mwani mbichi. Ule unaosafirishwa kutoka visiwani ni mkavu, umeshapoteza maji hayo na umebeba chumvi. Usinunue gunia la mwani mkavu ukadhani umepata busta ya bei rahisi. Nauli na chumvi vitakula akiba yote. Natamani siku moja kiwanda cha kukamulia kijengwe visiwani, maana wanawake wanaolima mwani wangepata mnunuzi wa karibu na sisi tungepata chupa isiyovuka bahari mbili.

Ya pili ni asidi ya humiki, kioevu cheusi au chenga nyeusi zinazoyeyuka. Hii ni mboji iliyokolezwa, nyingi huchimbwa kwenye tabaka za makaa laini ya mawe. Hutunzika vizuri kuliko chupa nyingine, haiharibiki upesi kwa joto, na chenga kavu kwa kawaida humpa mnunuzi kazi zaidi kwa kila shilingi kuliko kioevu, kwa sababu kwenye kioevu unalipia maji na usafiri wake. Swali ni kama udongo wako unaihitaji. Nitarudi hapo.

Amino asidi zinafuata. Husifiwa kwa kuurudisha mti baada ya joto kali au baada ya kuunguzwa na dawa. Mara nyingi bei yake iko juu, na zina mtego: zikichanganywa na dawa ya kopa zinaweza kuunguza majani. Kwenye vihamba vyetu, ambako kopa hupigwa kwenye kahawa iliyosimama hatua tatu kutoka kwenye mparachichi, na mara nyingi kwa pampu hiyohiyo, mtego huo uko karibu sana.

Mwisho kuna vijidudu hai, yaani kuvu wa mizizi na bakteria rafiki. Vinafaa sana kitaluni au kwenye shimo siku ya kupanda. Lakini ni viumbe hai. Pakiti iliyokaa miezi chini ya bati la duka lenye joto huenda imeshakufa, na kwa macho huwezi kujua. Kama duka halina sehemu ya baridi na tarehe ya mwisho iko karibu, acha. Kihamba cha zamani chenye miti mikubwa na udongo usiolimwa kwa trekta tayari kina kuvu wake wa asili.

Tupige hesabu. Bei hupishana kati ya duka na duka, kwa hiyo natumia namba za mfano zilizo rahisi. Weka za kwako mahali pake.

Tuseme dondoo la mwani ni shilingi 30,000 kwa lita, na lebo inataka mililita 3 kwa kila lita ya maji. Pampu ya mgongoni ya lita 16 itachukua mililita 48. Mparachichi mkubwa ukitaka majani yote yaloe unakunywa pampu nzima, wakati mwingine zaidi. Miti ishirini ni pampu ishirini, yaani karibu lita nzima ya dawa kwa mzunguko mmoja. Lebo nyingi hutaka kurudia kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa hiyo msimu wa jua ni mizunguko minne: lita nne, shilingi 120,000.

Hapo ndipo wengi huacha kuhesabu. Kijana wa kupiga dawa, tuseme anataka 1,000 kwa pampu. Pampu themanini ni 80,000. Maji ni lita 1,280, sawa na ndoo 64 za lita ishirini. Kama unanunua kwa 200 ndoo, ongeza 12,800. Jumla imefika 212,800, ambayo ni shilingi 10,640 kwa mti mmoja. Bado nauli ya bodaboda kwenda na kurudi Himo, bado glovu, na bado ukweli kwamba dawa haifiki juu ya mti wa mita nane bila ngazi. Chupa ya elfu thelathini imezaa gharama ya laki mbili.

Sasa mwagia chini. Mti mchanga wa mwaka mmoja hadi mitatu unatosheka na lita 5 za mchanganyiko kwenye mizizi. Miti ishirini ni lita 100, ndoo tano, na dawa mililita 300. Mizunguko mitatu inameza mililita 900, yaani chupa moja na kidogo kinabaki. Kazi unafanya mwenyewe kwa kopo. Pamoja na maji haifiki 35,000, chini ya shilingi 1,750 kwa mti. Hakikisha tu lebo inaruhusu kumwagia kwenye udongo, na ufuate kipimo chake cha udongo kikitofautiana na cha majani.

Njia ya udongo ina sifa nyingine zaidi ya urahisi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikusanya tafiti 180 za majaribio ya mashambani kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Kwa wastani vichangamshi viliongeza mavuno kwa karibu asilimia 18, na vilivyowekwa kwenye udongo vilifanya vizuri kuliko vilivyopulizwa. Matokeo makubwa yalionekana penye ukame, penye mchanga, penye chumvi na penye mboji kidogo. Soma tena sehemu hiyo ya mwisho, kwa sababu inaigawa Marangu mara mbili.

Kihamba cha juu, pande za Marangu Mtoni kwenda mlimani, kina udongo wa volkano uliolishwa majani na samadi vizazi kwa vizazi. Mboji ipo. Kumwaga asidi ya humiki hapo ni kumpelekea muuza ndizi mkungu wa ndizi. Shamba la chini, pande za Himo na tambarare yake, ni habari nyingine: mvua kidogo, jua kali, udongo uliochoka kwa mahindi. Huko humiki na mwani vina nafasi ya kurudisha pesa yake, hasa kwa miche iliyobebeshwa ambayo bado haijashusha mizizi. Kama una shamba pande zote mbili na chupa ni moja, ipeleke chini.

Turudi kwenye matandazo, mshindani wa kweli wa busta. Mduara wa mita moja na nusu kuzunguka shina, unene wa sentimita 10, unataka karibu mita za ujazo 0.7 za majani kwa mti. Miti ishirini ni mita za ujazo 14, kama safari sita za kirikuu iliyojazwa hadi juu. Tuseme majani na usafiri ni 30,000 kwa safari: jumla 180,000, shilingi 9,000 kwa mti. Matandazo kwa hiyo hayana bei ya bure kama semina zinavyosema. Tofauti ni kwamba unalipa mara moja, yanakaa miezi mitano au sita, yanazuia magugu, na yakioza yanageuka kuwa ile mboji ambayo wengine wanainunua kwenye chupa.

Ugumu mkubwa hauko kwenye bei. Uko zizini. Majani ya migomba, vigogo vyake na nyasi ndivyo chakula cha ng'ombe wa ndani, na kila mzigo unaoutandaza chini ya mparachichi ni mzigo ambao ng'ombe hakuula. Mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa hawezi kuambiwa tu "tandaza" kana kwamba majani yanaokotwa njiani. Mpango wa busara ni huu: ng'ombe ale kwanza, kisha masazo ya horini na samadi iliyopoa virudi kwenye miti. Juu yake ongeza vile ambavyo ng'ombe hataki: majani makavu ya mgrevilea, maganda ya kahawa, pumba za mpunga.

Pumba za mpunga nazipigia debe. Mashine za kukoboa za Moshi chini, pande za Mabogini na Chekereni, zinazo kwa wingi, na gharama kubwa ni kuzipandisha. Zinaoza taratibu kuliko nyasi, ng'ombe hazipendi, na ukishirikiana na majirani wawili kwa kirikuu moja unagawa nauli. Zina kasoro mbili: hupeperushwa na upepo zikiwa kavu, kwa hiyo zilowanishe au zifunike na majani kidogo, na zikirundikwa nene sana mvua nyepesi haipenyi. Kwa shamba la chini angalia pia mchwa. Popote ulipo, acha nafasi ya shubiri moja kati ya matandazo na shina, shina lisioze.

Maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili, kwa mwenye bahati ya kuwa na zamu, yana thamani kuliko chupa yoyote. Zamu moja iliyoingia kwenye udongo uliofunikwa inadumu siku nyingi kuliko ikiingia kwenye udongo mtupu. Ndiyo maana matandazo yanatangulia. Mwenye maji ya mita achague miti mitano bora aipe maji yote, badala ya kugawa kikombe kikombe kwa ishirini.

Na usikate mruka, ule mti wa kivuli, kwa sababu umeambiwa parachichi inapenda jua. Kivuli chepesi ni kinga ya joto usiyoilipia. Mfumo wa kihamba, miti mirefu juu, migomba na kahawa chini, ndio ulioifanya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuitambua Shimbwe Juu, mlima huuhuu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Shina lililobaki wazi baada ya kupogoa lipake chokaa iliyochanganywa na maji; kopo moja linatosha miti mingi na linazuia gamba lisiungue.

Kuna pia busta ya nyumbani. Alizeti pori iliyojaa kwenye mipaka ya mashamba ina naitrojeni na potasiamu nyingi kwenye majani yake. Ikatekate, iloweke kwenye pipa wiki mbili, koroga mara kwa mara, punguza kwa maji, mwagia kwenye mizizi. Kusema kweli hii ni mbolea ya maji, haichukui nafasi ya mwani, lakini mti ulioshiba huvumilia zaidi kuliko wenye njaa. Gharama ni pipa, harufu na mikono yako. Maji ya samadi yasipulizwe kwenye matunda, hasa unayotaka kumuuzia mnunuzi wa nje; uchafu wa zizi kwenye ganda unaweza kukukosesha soko.

Sasa vitu visivyoandikwa kwenye bei. Pakiti ndogo za mililita hamsini au mia huonekana nafuu, lakini ukizijumlisha kufikia lita mara nyingi umelipa zaidi. Afadhali majirani wanne wachangie chupa kubwa. Chupa iliyofunguliwa isitunzwe hadi mwakani. Kipimo cha "kifuniko kimoja" hakina maana, maana vifuniko havilingani. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa.

Pampu ya kuazima ndiyo hatari kubwa zaidi. Kama juzi ilipigia dawa ya magugu, mabaki yake yanaweza kuunguza miche uliyotaka kuiokoa. Ioshe kwa sabuni mara tatu, au uachane nayo kabisa na utumie ndoo na kopo.

Jihadhari pia na busta zinazouzwa kwa mtandao wa watu, ambako unalipa kwanza kiingilio na kisha unashawishiwa uingize majirani. Sehemu ya bei hiyo inamlipa aliyekuingiza. Uliza muuzaji yeyote maswali machache: bidhaa imesajiliwa? Kuna nini ndani, na kwa asilimia ngapi? Imetengenezwa lini? Mbolea na visaidizi vyake viko chini ya mamlaka ya mbolea, TFRA, kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, na viuatilifu viko chini ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Lebo isiyo na viambato wala jina la mtengenezaji haistahili pesa yako hata ikishushwa bei nusu. Dai risiti ya mashine; bila hiyo huna pa kuanzia ukiuziwa maji yenye rangi.

Ukinunua, acha miti mitatu bila busta, na kwa mengine uitendee miti yote sawasawa: matandazo yaleyale, maji yaleyale. Funga uzi kwenye matawi manne ya kila mti, hesabu vitunda Desemba, hesabu tena Machi. Tofauti ikiwa ndogo, mwakani pesa hiyo iende kwenye pumba.

Mwenye elfu hamsini leo hii aigawe hivi. Miti ya kihamba cha juu: pesa zote ziende kwenye matandazo, aanze na miti mitano inayozaa vizuri na yote aliyopanda mwaka huu. Miche ya shamba la chini: matandazo kwa elfu thelathini, na elfu ishirini achangie na jirani chupa moja ya mwani. Mzunguko wa kwanza uingie ardhini kabla ya Krismasi, udongo ukiwa bado na unyevu wa vuli. Wakati huo ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam na kila mmoja anapiga simu kuuliza alete nini. Waambie wachangie kirikuu ya majani, na wakifika wasaidie kushusha.